Mimi Mbele, Tangi Nyuma

Baba Rehema, mume wangu mbishi,

Nimetoka eda juzi Ijumaa, na kazi ya kwanza niliyofanya ni kuvuta sanduku lako kutoka chini ya kitanda. Nilitegemea kukuta vitu vya maana. Vyeti, labda. Hati ya kiwanja, ambayo mpaka leo sijui uliificha wapi. Nimekuta nini? Dumu la njano la lita tano lililofungwa kamba ya katani, kopo la vazelini lenye mchanga ndani, na ile miwani yako ya kuogelea iliyokatika mpira ukaushona kwa uzi mweusi. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anafariki anamwachia mkewe dumu! Nimekaa sakafuni nikalitazama mpaka Rehema akaja kuniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia silii, nimekasirika. Na nimeona nikuandikie hasira zikiwa bado za moto, kwa sababu zikipoa nitaanza kukusifia kama wanavyokusifia wengine, na wewe na mimi tunajua ulivyokuwa unachosha.

Acha nianzie pale ulipoanzia. Mwaka ule shirika lenu lilipowapunguza kazi, wenzako walifungua vibanda, wengine wakaingia kwenye mitumba, wengine wakarudi makwao kulima. Wewe ulikaa kibarazani Tegeta. Kila asubuhi ulivaa shati la kazini, ukafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ukakaa kwenye lile benchi ukitazama barabara kana kwamba gari la shirika limechelewa tu. Mwezi mzima. Mimi natoka kwenda shule kufundisha darasa la tatu, nakuacha pale. Narudi mchana na madaftari kichwani, nakukuta pale. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mtu akiendelea hivi nitampoteza akiwa hai.

Halafu siku moja ulikwenda Mbezi Beach kumwona mtu aliyekuahidi kazi ya stoo katika hoteli moja ya ufukweni. Kazi hukupata. Ulirudi na karatasi, na ulikuwa unatabasamu, jambo lililonitisha kuliko kile kimya chako.

"Mama Rehema, kuna mashindano," ukaniambia. "Kuogelea, baiskeli, na kukimbia. Vyote siku moja, hupumziki."

"Anayekufukuza ni nani?"

"Hakuna anayenifukuza. Ni mchezo."

Nikaisoma ile karatasi mara mbili, nikidhani kuna sifuri zimezidi. Karibu kilomita mbili baharini. Ukitoka majini, baiskeli mpaka karibu na Bagamoyo na kurudi, kwa barabara ile ya vumbi na mashimo. Ukishuka kwenye baiskeli, kilomita ishirini na moja kwa miguu, juani. Ulikuwa na miaka arobaini na moja na kitambi kidogo cha ofisini. Walioandikisha majina walikuwa wazungu wa balozini, vijana wa jeshi, na wewe.

Baiskeli sikuwa na neno. Ile ya kwako ya Kichina ulikuwa ukiiendesha tangu tuko Temeke, ukinipakia nyuma na ujauzito wa Rehema, na tulifika popote. Kukimbia nako sawa, ungechoka ungekaa chini, angekuokota mtu. Ila bahari! Mnyamwezi wa Tabora, uliyejifunza kuogelea bwawani, kwenye maji yaliyotulia, yasiyo na chumvi, yasiyokwenda popote. Bahari ulikuwa unaiona siku za sikukuu, suruali umekunja, viatu mkononi. Mimi niliyezaliwa Kunduchi, ambaye marehemu baba alitulisha kwa bahari hiyo hiyo, nilikwambia maneno matatu: "Utakufa, Baba Rehema."

Ukanijibu kwa utani wenu ule ule. "Nyie Wazaramo mnaogopa maji mliyozaliwa nayo. Sie watu wa bara tunaogopa kukaa bure."

Nikataka kukujibu, nikaona macho yako hayacheki. Ukaongeza kwa sauti ya chini, "Mwaka huu sijamaliza hata jambo moja, mke wangu. Nataka nimalize hili."

Basi mambo yakawa hivyo. Wewe ulitaka kumaliza. Mimi nilitaka utoke majini ukiwa unapumua, na ili nilipate langu ilinibidi nikusaidie kulipata lako. Hapo ndipo uliponipatia.

Unaikumbuka ratiba yako? Uliichora kwa rula, mistari miwili ya wino, kama vitabu vyenu vya stoo. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, bahari. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, bahari. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, bahari. Ukaibandika ukutani kwa ugali, ukanikataza nisiiguse. Jumatatu ya kwanza ukaondoka na baiskeli kungali na ukungu, taulo shingoni. Saa moja na nusu umerudi, miguu matope mpaka magotini, kidole kimekatwa na gamba la chaza.

"Maji hayapo," ukasema.

"Yamekwenda wapi?"

"Sijui. Nimeyafuata, nimetembea mpaka nimechoka. Nimeyakuta yananifika kwenye goti."

Jamani! Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikakasirika. Watu wanaandaa mashindano ya bahari, mtu anaandaa mazoezi ya bahari, na hakuna hata mmoja aliyetazama mbinguni. Nilikwambia mwezi ulikuwa na siku kumi na moja, na mwezi ukiwa hivyo alfajiri maji yametoka, yanarudi mchana. Nikakueleza bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kukauka sana, na nikakueleza maji mafu, siku yanapojaa kidogo na kupungua kidogo. Ukasikiliza kwa adabu zote. Kisha ukaniuliza, "Kwa hiyo saa kumi na mbili haifai?" Nikachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikapanda kwenye stuli, nikaifuta ile ratiba yako nzuri siku baada ya siku. Ulinuna mpaka Jumatano.

Tukaanza upya. Kama yuko mwalimu aliyewahi kupata mwanafunzi mgumu kuliko wewe, ningependa kumpa pole. Ulifika baharini ukaogelea kwa ubavu ule ule wa bwawani, unafungua mdomo upande mmoja tu, na wimbi linatokea upande huo huo. Unameza. Wimbi la pili, unameza. Nilikwambia, geuza, vutia pumzi upande wa nchi kavu ambako wimbi halikupigi usoni. Ukasema shingo yako haigeukii upande ule. Shingo ya nani isiyogeuka? Shingo iliyogeuka kila akipita mwanamke pale Tegeta! Ulitoka majini ulimi umevimba kwa chumvi, ukatapika chai yote uliyokunywa nyumbani, halafu ukaniambia tatizo ni chai.

Na michubuko je? Chumvi ilikuchuna shingoni na makwapani mpaka ukawa unatembea mikono imetanuka. Dawa yake niliijua, ni kupaka mafuta mazito kabla ya kuingia. Ulikataa. Uliona aibu mwanamume kupakwa vazelini kwapani mbele ya watu. Nikakwambia chagua, aibu au kidonda. Siku iliyofuata uliinua mikono juu kimya, umefumba macho, nami nikakupaka pale pale mchangani huku wanawake waliokuwa wakivua uduvi kwa kutanda kanga zao majini wamesimama kutuangalia. Mmoja akapiga kelele, "Dada, unamkaanga huyo?" Ulitamani ardhi ipasuke. Mimi nilikupaka mara mbili, makusudi.

Dumu lilikuwa langu, nakubali. Ni mimi niliyelifunga kamba na kukuvisha kiunoni, ili ukichoka ulishikilie. Ulisema linakuvuta. Ulisema wazungu watakucheka. Nikakwambia bila dumu huingii, na nikakaa juu ya nguo zako mpaka ukakubali. Kila ulipoogelea lilikufuata nyuma likirukaruka, na mimi nchi kavu nililitazama hilo dumu kuliko nilivyopata kukitazama kitu kingine chochote maishani. Likisimama, moyo unasimama. Likienda, napumua.

Tatizo kubwa lilikuwa unapinda. Bwawani kuna kingo, mtu anaona anakokwenda. Baharini ulitoka vizuri, ukigeuka kurudi unapotea. Mara unaelekea Kunduchi, mara unarudi ulikotoka. Siku moja nililihesabu dumu likizunguka mara tatu mahali pamoja, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ulipotoka ukaniuliza umekwenda umbali gani.

Ndipo nilipokufundisha alama za baba. Wavuvi wa kwetu hawatafuti mahali kwa kukisia. Wanachukua vitu viwili vya nchi kavu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, wanavipanga vikae mstari mmoja. Tulitembea ufuoni tukitafuta alama zetu. Nyuma kulikuwa na tangi la maji la hoteli, jeupe, limeinuka juu ya paa. Mbele palikuwa na mti wa mvinje uliovunjika kichwa, lakini mivinje ilikuwa mingi na wewe kwa macho yako hukuweza kuutofautisha na mingine. Nikakwambia basi nitasimama mimi chini yake, nimejifunga kanga nyekundu.

"Mimi mbele, tangi nyuma," nikakufundisha, kama ninavyofundisha darasa la tatu. "Nikiliziba tangi, uko sawa, njoo. Tangi likitokeza upande wako wa kulia, umepelekwa kulia, rudi kushoto. Likitokeza kushoto, rudi kulia. Sema."

"Mimi mbele, tangi nyuma."

"Wewe uko majini! Mimi ndiye mbele!"

"Wewe mbele, tangi nyuma," ukasema, na kwa mara ya kwanza tangu upunguzwe kazi nikakuona unacheka mpaka meno ya nyuma.

Siku ile ulitoka kwenye maji marefu ukaja umenyooka. Kila mikono kumi unainua kichwa, unanitazama, unainamisha. Kila ulipoinua kichwa nilijua ni mimi unayenitafuta, na nitakwambia sasa kwa kuwa huwezi kunicheka: nilijisikia kama bibi harusi. Ulifika mpaka miguuni pangu, ukakaa mchangani unahema. "Ukiwepo pale sihitaji kufikiri," ukasema. "Ila usihame."

"Nihame niende wapi?" nikakujibu. Nilikuwa na ukali, kama kawaida yangu.

Sasa ngoja nije kwenye siku yenyewe.

Waandaaji walichagua Jumamosi kwa kuwa ni Jumamosi. Mimi nikahesabu mwezi nikaona siku hiyo ni ya kumi na tano, bamvua kubwa. Alfajiri maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje, saa nne asubuhi yamekauka unaweza kucheza mpira. Nikakutuma ukawaambie. Ukarudi na jibu kwamba wanaanza saa moja kamili na saa mbili na robo kila mtu ametoka, kwa hiyo hakuna wasiwasi. Kweli, wangeanza saa moja kamili pasingekuwa na wasiwasi. Nao walikuwa wamealika mgeni rasmi.

Saa moja mlisimama pale ufuoni, watu arobaini hivi, mmevaa namba. Saa moja na nusu mnatazamana. Matarumbeta yanapigwa. Saa mbili, mgeni rasmi yuko njiani. Maji yanatoka. Nilikuwa nayaona yanavyoacha mstari wa povu, yanarudi nyuma hatua kwa hatua, na mtu mwenye kipaza sauti anatuomba uvumilivu. Vazelini niliyokupaka ilikuwa imeyeyuka imefika kiunoni. Dumu walikukataza, wakasema kuna mtumbwi wa walinzi. Mgeni rasmi akafika saa mbili na dakika ishirini, akahutubia juu ya umuhimu wa michezo, akapuliza filimbi saa mbili na nusu. Wenzako wakaanza kwa kutembea! Mlikwenda mkijikwaa kwenye majani ya baharini mpaka mlipopata maji ya kiunoni, ndipo mkaogelea.

Nikaenda chini ya mvinje wangu, na kanga yangu nyekundu. Nilikuona ukitoka vizuri. Nilikuona ukizunguka boya la mwisho, na hukuwa wa mwisho, Baba Rehema, nyuma yako walikuwepo watu wanane. Ukageuka kuelekea nchi kavu. Ukainua kichwa, nikajua umeniona.

Hapo ndipo kipaza sauti kikasema wale watakaokuwa hawajatoka majini saa tatu na robo wataondolewa mashindanoni, kwa sababu barabara ya baiskeli ina ratiba yake.

Saa tatu na robo! Mmeanzishwa saa mbili na nusu! Wamewaibia nusu saa nzima, wamewaingiza kwenye maji yanayotoka, na sasa wanataka kuwatoa! Damu ilinipanda. Sikufikiri chochote. Niliondoka pale chini ya mvinje, nikatembea kwa mwendo wa kasi kwenda kwenye turubai lao, ambalo lilikuwa mbali, hatua mia tatu au zaidi upande wa Kunduchi, na kanga yangu nyekundu imenifunika mabega.

"Nani mkubwa hapa?" nikauliza.

"Shikamoo mama. Tulia basi, mama, tuzungumze."

"Marahaba. Sitatulia. Saa yako inasemaje? Uliwapulizia filimbi saa ngapi? Mie nafundisha watoto wa miaka tisa, na hawa watoto wanajua kutoa!"

Niligombana nao kwa Kiswahili, nikagombana na mzungu wao kwa Kiingereza changu cha chuo cha ualimu, nikawatajia bamvua, nikawatajia mgeni rasmi, watu wakakusanyika, wengine wakanipigia makofi. Na nikashinda! Kipaza sauti kikatangaza kwamba muda wa kuogelea umeongezwa nusu saa. Nilijisikia vizuri mno. Niligeuka kutazama bahari ili nikuone unavyokuja.

Hukuwepo kwenye mstari. Wenzako walikuwa wanatoka mmoja mmoja pale kwenye bendera mbili za kutokea majini, karibu na mvinje wangu. Nilitafuta kichwa chako mpaka macho yakauma, sina hata dumu la kulitazama. Nilikwambia utakufa, nikasema moyoni, nilikwambia. Kisha nikakiona kichwa kimoja peke yake, mbali upande wa kaskazini, kinakuja kikipambana na maji yanayotoka. Kinainuka, kinainama. Hakikuwa kinaelekea kwenye bendera. Kilikuwa kinakuja moja kwa moja kwenye lile turubai.

Ulitoka majini karibu saa nne, ukatembea juu ya majani na matope kitambo kirefu, ukaanguka mbele yangu. Muda niliokupigania ulikuwa umekwisha. Mtu mmoja akakuvua namba kifuani. Baiskeli yako ya Kichina ilibaki imeegemea ukuta wa hoteli, peke yake.

"Imekuwaje?" nikakuuliza. Nilikufokea, nadhani.

Ukanitazama kidogo. "Maji yalinivuta," ukasema.

Nami nikaamini. Nilitaka kuamini. Miaka minne, kila mtu alipouliza, ulisema maji yalikuvuta. Ile fulana ya mashindano waliyomgawia kila aliyejiandikisha ukaivaa mpaka ikawa tambara, ukapata ile kazi ya kupima mchanga na kokoto machimboni, ukarudi kuwa mtu anayetoka asubuhi. Hukuingia tena baharini. Nilipokudhihaki kwamba watu wa bara bwana, maji kidogo tu yanawavuta, ulicheka na mimi. Ungesema! Ungenigombeza hata mara moja! Ningekujibu, tungepiga kelele, ingekwisha. Wewe ukanyamaza miaka minne, na huko ndiko kunakonikasirisha kuliko dumu na kuliko hati ya kiwanja.

Mwaka huu sukari ikakuangusha. Siku ile hospitalini ilikuwa saa kumi jioni, saa ya kuwaona wagonjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli kando ya kitanda chako, umenitazama huna nguvu ya kusema, macho tu. Nikaona chupa ya dripu imekwisha na hakuna anayekuja. Unanijua. Nikasimama. Nikakwambia, "Nakuja sasa hivi," nikatoka kwenda ukumbini, nikamkuta muuguzi, nikagombana naye. Nikagombana vizuri. Nikarudi naye nyuma yangu ameshika chupa mpya.

Nilikuwa nimeshinda tena, na wewe ulikuwa umeondoka.

Mzee wa kitanda cha jirani aliniambia kwa upole, "Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, mwanangu. Kama mtu anayetafuta kitu." Yule mzee alidhani ananifariji.

Siku ya mazishi watani wako walikuja, yaani ndugu zangu wenyewe, Wazaramo wa Kunduchi, na unajua walivyo. Sanda yako waliigombea, jeneza walilizuia mlangoni mpaka walipwe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa chini, natazama uani kupitia dirishani. Mdogo wangu Shomari akavaa miwani ya kuogelea kama ile yako, akajilaza kifudifudi juu ya mkeka katikati ya uwanja, akaanza kuogelea. Watu wakacheka, nami nikatabasamu. Anapiga mikono, anainua kichwa, anaweka kiganja juu ya macho. "Tangi naliona!" akapiga kelele kwa lafudhi yako ya Tabora. "Kanga siioni! Jamani, kanga imehama!"

Mtani mwingine akatokea jikoni amejifunga kanga nyekundu, ameshika kiuno, anakimbia huku na huku akigombana na watu. "Nani mkubwa hapa? Nani mkubwa?" Na Shomari juu ya mkeka anajivuta kumfuata, akienda kulia anakwenda kulia, akienda kushoto anakwenda kushoto, anahema, anameza maji. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Wanawake waliokaa na mimi walicheka mpaka wakajifuta machozi. Wakadhani na mimi yangu ni ya kicheko.

Arobaini ilipopita nilimwita Shomari nikamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Yeye mwenyewe, dada. Siku ile ile ya mashindano. Akasema nikikwambia wewe atanitoa roho."

"Alisema nini?"

Shomari akakuna kichwa. "Alisema aliiona kanga inatembea, akajua ni wewe unatembea. Akajua unakwenda kugombana. Nikamuuliza sasa shemeji kwa nini ulifuata kanga, si uliziona bendera? Akasema alishazoea. Nikamwambia basi mwambie dada ajue. Akasema, 'Dada yako alikwenda kunigombania mimi. Nimwambie nini?'"

Uliziona bendera, Baba Rehema! Uliziona, watu wanatoka pale, ukanifuata mimi! Ubishi wote ule, kila nilichokwambia ukakipinga, chai, shingo, vazelini, dumu, na jambo moja uliloamua kunitii bila kuuliza ni lile nililokosea. Mtu wa namna gani huyo? Nimekaa nalo hilo eda nzima, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, bila mtu wa kugombana naye. Nakupenda mpaka nakereka.

Leo asubuhi, kabla sijakaa kukuandikia, nilifanya jambo. Nilihesabu mwezi vizuri, nikajua maji yatajaa saa moja, saa ile waliyotakiwa kuwaanzisha. Nikaitoa kanga nyekundu iliyokuwa imefungiwa tangu ulipoondoka. Nikaenda Mbezi Beach. Hoteli wameipanua, mvinje wetu wameukata, kimebaki kisiki. Tangi lipo. Nikasimama mbele ya kisiki, nikalipa mgongo tangi, nikatazama baharini. Maji yalikuwa yamejaa mpaka miguuni.

Baada ya muda akaja mlinzi wa hoteli na rungu lake. "Mama, hapa siku hizi ni eneo la wageni. Unaombwa usogee kule."

Unayajua yaliyonijia mdomoni. Mimi nimezaliwa pwani hii, na kule kwenye ofisi yao yuko mkubwa wa kumfuata na kumwuliza maswali. Mguu mmoja ulishanyanyuka.

Nikaurudisha chini. "Kaka yangu, nakuomba," nikamwambia. "Kuna mtu ananilenga."

Akatazama baharini, hakuona mtu. Akanitazama mimi, akaenda zake. Nikabaki nimesimama pale pale mpaka maji yakaanza kutoka.

Mkeo, aliyehama mara mbili,
Mama Rehema